Herufi Moja Zaidi

Iko ndani ya kopo la Kimbo,
chini ya vifungo, sindano ya kushonea magunia
na risiti ya karo ya mwaka themanini na tatu:
duara la shaba, pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa,
utepe umepauka upande mmoja,
ule uliokuwa ukitazama dirisha.

Ukiizungusha utasoma ukingoni namba,
kisha cheo, kisha jina:
NYAMBENDA Y.

Sisi ni akina Nyabenda.

Ilikuja kwa treni, mama anasema, siku ya Ijumaa,
katika bahasha ya kaki yenye mhuri.
Baba alikuwa Kibirizi, kalala chini ya boti ya Mzee Kitumbo,
grisi hadi viwikoni.
Akaipokea kwa vidole viwili
kama mtu anayepima dagaa iwapo wamekauka.
Akasoma ukingo. Akacheka,
na ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu arudi.
"Hii si yangu," akasema. "Ni ya Nyambenda."

Tangu siku hiyo vita yote ikawa ya Nyambenda.

Nani alikaa usiku saba kwenye chumba cha injini
katika ziwa lile jingine, la Mwanza na Bukoba,
taa zimezimwa,
askari wamelaliana juu kama magunia ya muhogo?
Nyambenda.
Nani hakuiona vita hata kidogo,
aliisikia kwa nyayo, kupitia bati la sakafu,
dum, kisha maji,
kisha kile kimya kinachokuja kuulizia majina?
Nyambenda, maskini.
Nani alimshika miguu Faki Shehe wa Kojani,
aliyemfundisha mafundo kumi na moja ya kamba
akabakiza la kumi na mbili kwa ajili ya kesho?

Hapo baba alikuwa akiomba maji ya kunywa.

Kaka akataka kuandika barua, jina lisahihishwe.
Alishapata fomu, alishapiga picha mbili za pasipoti.
Baba akamtazama kama anayeambiwa abomoe ukuta wa nyumba:
"Mkishalisahihisha,
hayo mambo yatalala kwa nani?"

Yake mwenyewe yalikuwa haya:
nozeli, gasketi, kuhe wa kuchoma siku ya Jumapili,
na zile taa za wavuvi wa dagaa usiku.
Alizihesabu zikitoka.
"Arobaini na mbili," alisema, akaingia ndani.
Alfajiri alizihesabu tena zikirudi,
na kama Lukuga imevuma na moja haijaonekana
chai yake ilipoa, ikafanya utando,
tukaimwaga bila kumuuliza.

Tulipomzika, afisa kijana alikuja na orodha,
viatu vyake vikizama kwenye udongo mwekundu.
Akasoma kwa sauti nzuri, ya mazoezi:
"Marehemu Koplo Nyambenda, mwanamaji..."
Watu wakatazamana.
Mama, ambaye asubuhi nzima hakufungua kinywa,
akasema, "Huyo hatujamzika, mwanangu.
Huyu ni Nyabenda, fundi wa mashine.
Endelea tu."
Akaendelea, maskini. Angefanyaje?

Jana mwanangu, ndiyo kwanza anajua herufi,
amelifungua kopo akitafuta kifungo cha shati la shule.
Kidole chake kimepita ukingoni polepole, kikasimama.
"Mama, hawa wamekosea."
Nimemwambia huyo ni mtu babu yako alimwacha
aangalie injini kule,
ili yeye aweze kurudi nyumbani.
Akauliza, "Bado yuko?"

Nikachukua kitambaa, majivu kidogo na ndimu.
Nimeisugua namba mpaka imeng'aa,
nimekisugua cheo, nikaanza jina.
Nilipofika kwenye ile M
nikapunguza mkono.